Jahazi la Patapata na Ng'ombe wa Ayeyo

Juzi tulikuwa Eastleigh, mimi na wasee wawili wa chuo, tunakunywa chai. Nikawaambia nataka kuandika kuhusu takataka za nyumbani, Hulugho. Mmoja akacheka mpaka chai ikamwagika. "Bana, huko kwenu kuna takataka gani? Si ni jangwa na ngamia tu?"

Nilicheka pia. Lakini usiku huo sikulala vizuri, kwa sababu jibu ninalo na nimelibeba tangu 2022.

Kwanza niwapeleke. Hulugho iko kusini kabisa mwa Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Si jangwa la kwenye filamu. Kuna miti, kuna vichaka, na mvua ikinyesha kuna tope jeusi linaloshika lori siku tatu. Upande wa kusini kuna msitu wa Boni, halafu ukivuka msitu uko Kaunti ya Lamu, na mbele yake bahari. Kwenye ramani ni karibu tu. Kwa miguu ya leo si karibu, maana tangu serikali ilipoanzisha operesheni ya Linda Boni mwaka 2015, msitu ule si mahali pa kupita ukiimba. Lakini shikeni hiyo picha kichwani: sisi, msitu, halafu bahari. Nitairudia.

Sasa 2022. Mnakumbuka ule ukame? Misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Ayeyo wangu (nyanya, kwa Kisomali) alikuwa na ng'ombe mmoja mweupe anayeitwa Cadey. Wengine walikufa mapema kwa njaa, yule akabaki. Ayeyo alimlisha mpaka maboksi. Ndiyo, maboksi ya karatasi yaliyolowekwa kwenye maji. Alimnunulia nyasi kwa pesa tulizotuma kwa simu. Na Cadey akawa anakula kidogo, anaacha, tumbo limejaa lakini mbavu zinahesabika. Siku moja hakuamka.

Abti, kaka ya mama, alimpasua kuona kama kuna chochote cha kuokoa. Ndani ya tumbo akatoa donge. Mimi nilikuwa nimesimama pale. Donge kubwa kama mpira wa miguu, limesokotana, la kijani na nyeusi na rangi ya tope. Lilikuwa majuala, kamba za nailoni, na kipande cha gunia lile la plastiki la unga. Ayeyo aliangalia akauliza swali moja tu: "Haya ameyala lini?"

Hakuna aliyejua. Nilikuja kusoma baadaye kwamba hiyo ndiyo shida yake. Ng'ombe akikosa chumvi na madini hutafuna chochote, hasa kitu chenye harufu ya chakula au chumvi. Plastiki haiyeyuki tumboni wala haitoki. Inakaa miaka, inakusanya wenzake. Mnyama anahisi ameshiba, anakonda akiwa "ameshiba" hivyo hivyo. Ukame ukija unakuta nafasi ya nyasi imeshachukuliwa. Watu tuliandika Cadey kwenye orodha ya waliouawa na ukame. Mimi najua si ukame peke yake.

Na si kwetu tu. Mwaka 2017 daktari mmoja wa mifugo aliliambia shirika la habari la Reuters kwamba kwenye machinjio ya Nairobi kuna ng'ombe wanatolewa mifuko 20 tumboni. Mtu wa Nairobi alikula ile nyama. Lakini kule Nairobi ng'ombe ni kilo za nyama. Kwa ayeyo ng'ombe alikuwa benki, maziwa, na mtu wa kuongea naye asubuhi.

Nimeanza kuchimba historia ya hii kitu kwa sababu ya neno alilosema wiki ile ile. Alisema, "Mimi nimekua hakukuwa na kitu cha kutupa." Nilidhani ni maneno ya wazee. Halafu nikakaa nikahesabu.

Maziwa yalikaa kwenye haan, chombo kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi na magome, kinafukizwa moshi ndani ili maziwa yasiharibike haraka. Kikizeeka kinatiwa kiraka. Kikifa kabisa kinakuwa kuni. Nyumba yenyewe, aqal, ni fito na mikeka inayobebwa juu ya ngamia. Mkeka ukichakaa unakuwa wa kulalia mbuzi. Ngozi ilikuwa kamba, kamba ikawa kamba fupi. Hakuna mtu aliyeita hayo "kuchakata taka". Lilikuwa ni swali la mzigo tu: ukihama kila msimu, huwezi kubeba kitu kisicho na kazi, na huwezi kuacha kitu ambacho bado kina kazi.

Hata vitu vya kiwandani vilipokuja, watu waliviingiza kwenye utaratibu ule ule. Mfano ninaoupenda zaidi ni Dadaab. Kambi zilianza 1991, vita vilipoiangusha serikali ya Somalia. Msaada wa chakula ukaja na mafuta ya kupikia kwenye mikebe ya bati. Watu wakala mafuta, halafu wakachukua mikebe wakaikata, wakaigongagonga mpaka ikawa bapa, wakaiunganisha kwa misumari kwenye fremu za mbao. Milango. Kambi nzima milango na madirisha yenye maandishi ya msaada wa Marekani, herufi zimepinduka chini juu. Ayeyo aliiona alipokwenda Hagadera kutafuta jamaa. Anasema mlango mzuri kuliko wote aliowahi kuona ulikuwa wa mikebe, mafundi walikuwa wamepanga rangi mpaka likatoka umbo kama zulia. Nani aliwafundisha? Hakuna semina. Hakuna aliyepewa fulana.

Au angalia jerikeni la manjano. Lilikuja na mafuta ya kupikia, likawa la maji, likawa la maziwa ya ngamia. Nenda uangalie basi linaloshusha maziwa Eastleigh alfajiri: ni majerikeni yaliyofukizwa moshi ndani, kama haan ile ile ya ayeyo. Teknolojia ya bibi imehamia kwenye plastiki, na hakuna aliyeandika hata makala. Likitoboka linachomwa kwa kisu cha moto linaziba. Likishindikana linakatwa katikati, nusu ya chini inakuwa ya kunyweshea kuku.

Kwa hivyo ukiniuliza kiongozi wa kwanza wa mazingira kwetu alikuwa nani, nitakuambia ni wale wanawake wa haan na wale mafundi wa mikebe. Hawana picha. Hawana sanamu.

Kilichotushinda ni juala. Fikiria: kitu chepesi kuliko karatasi, bei yake sifuri, kinakuja na kila kitu. Sukari robo, juala. Maziwa ya unga, juala. Muguka, juala, na tuseme ukweli, muguka peke yake ulitosha kuvalisha kila mti kutoka Garissa hadi mpakani. Kule Hargeisa watu walikuwa wakiyaita maua ya Hargeisa, yale majuala yanayoning'inia kwenye miiba ya migunga. Juala huwezi kuliziba, huwezi kuligonga likawa mlango, huwezi kulipa kazi ya pili. Utaratibu wote wa ayeyo ulikuwa umejengwa juu ya swali "hiki kitafanya nini kingine?", na kwa mara ya kwanza kikaja kitu ambacho jibu lake ni "hakuna".

Kitu cha namna hiyo hakichakatwi. Kinazuiwa kisifike. Na hapo lazima nitoke Hulugho kidogo niende Nakuru.

Wangari Maathai alikuwa ameshalisema. Baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 alilibeba suala la mifuko ya plastiki, akisema ile inayotupwa inashika maji na mbu wa malaria wanazaliana humo. Serikali ikajaribu kuzuia mifuko myembamba mwaka 2007, ikajaribu tena 2011. Zote mbili zilikufa kimya kimya. Viwanda vilikuwa na sauti, juala halikuwa na adui mwenye jina.

Halafu akatokea James Wakibia. Huyu hakuwa waziri wala profesa. Alikuwa kijana wa Nakuru mwenye kamera, anapita karibu na jaa la Gioto na kuona plastiki inapeperuka mpaka barabarani. Akaanza kupiga picha. Akaandika barua kwa magazeti. Akaingia mtandaoni na alama ya reli #banplasticsKE, akawa anaweka picha kila siku: mtaro, mti, mbuzi, mto, watu wameshika mabango ya karatasi. Nimerudi nyuma nikaziangalia zile posti zake za mwanzo. Wasee, nyingine zilikuwa zinapendwa na watu wachache kuliko video yangu ya samosa! Lakini hakuacha. Ikafika mahali waziri wa mazingira wa wakati huo, Judi Wakhungu, akajiunga hadharani na kampeni.

Tarehe 28 Februari 2017 tangazo likatoka kwenye gazeti rasmi la serikali, na tarehe 28 Agosti mwaka huo huo marufuku ikaanza. Kutengeneza, kuingiza, au kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au jela mwaka 1 hadi 4. Kabla ya hapo, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa supermaketi za Kenya pekee zilikuwa zinatoa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Watu waliita sheria hiyo kali kuliko zote duniani.

Nilikuwa darasani Hulugho wakati huo. Nakumbuka duka la karibu na shule likianza kufunga sukari kwa karatasi ya gazeti, na sukari inamwagika, na wamama wanalalamika, na mwenye duka anasema "nendeni mkamlilie Uhuru." Baada ya mwaka hivi miti ilianza kuonekana tena. Sisemi iliisha. Mpaka uko pale, njia za panya ziko pale, na majuala yaliendelea kuvuka usiku pamoja na sukari. Somalia yenyewe ilitangaza marufuku yake mwaka 2024 tu. Lakini tofauti niliiona kwa macho yangu, na siwezi kumruhusu mtu aniambie sheria za Nairobi hazifiki kwetu. Ile ilifika. Ilichelewa kwa Cadey, maana alichokula pengine alikila kabla, au alikila kutoka kwa yale yaliyokuwa yamezikwa na upepo ukayafukua. Plastiki haijui tarehe ya gazeti rasmi.

Na hapa ndipo nina ugomvi kidogo na namna tunavyolisimulia jambo hili. Tukisema Wakibia, tunasema "alipiga marufuku mifuko", tunapiga makofi, basi. Marufuku iligusa mifuko tu. Chupa ya maji iko. Gunia la nailoni liko. Pampasi iko, na jamani, pampasi ndiyo imekuwa juala jipya, sitaki hata kueleza nilichokiona nyuma ya kituo chetu. Patapata zilizokatika ziko. Mwenyewe Wakibia aliendelea kupiga kelele kuhusu plastiki zingine baada ya 2017, lakini hiyo sehemu haipendwi kusimuliwa kwa sababu haina mwisho mzuri.

Kwa hivyo kuna nusu ya kwanza ya kazi, kufunga bomba. Nusu ya pili ni nani anafagia maji yaliyokwisha mwagika. Na kwa hiyo nusu ya pili, walimu wetu wako ng'ambo ya msitu. Nilisema nitairudia ile picha.

Kiunga ni kama sisi. Mwisho wa Kenya, mpaka wa Somalia, barabara mbovu, hakuna lori la takataka la serikali lililowahi kupotea njia likafika huko. Tofauti ni kwamba takataka zao zinaletwa na bahari. Mkondo unachukua patapata kutoka nchi nyingine za Bahari ya Hindi unazimwaga ufukweni, maelfu, za kushoto bila za kulia. Hifadhi ya bahari ya Kiunga iko tangu 1979, kasa wanataga pale. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church, mwanabiolojia wa bahari, alikuwa anafanya kazi ya uhifadhi huko. Akaona mambo mawili. La kwanza, takataka zinaziba fukwe wanakotaga kasa. La pili, watoto walikuwa wanachonga vile vipande vya patapata kuwa vigari na mashua za kuchezea.

Hilo la pili ndilo jambo. Watoto walikuwa wameshajibu swali la ayeyo: hiki kitafanya nini kingine? Yeye alichofanya ni kulichukulia jibu lao kwa uzito. Wanawake wakaanza kuokota patapata, kuziosha, kuzigandisha tabaka juu ya tabaka, na kuchonga: kasa, samaki, shanga, vibanio vya funguo. Vitu vidogo, vyepesi, vya rangi, vinavyoingia kwenye mkoba wa mtalii. Kazi hiyo baadaye ilikua ikahamia Nairobi na kuwa karakana inayoitwa Ocean Sole, inayochonga mpaka twiga warefu kuliko mtu. Sina uhakika kama kuhamia Nairobi kulikuwa kuzuri kwa wale wamama wa Kiunga. Mimi kila kitu kikihamia Nairobi huwa nakunja uso. Lakini wazo lilibaki pwani.

Likamkuta Ali Skanda.

Skanda ni fundi wa majahazi wa Lamu, wa familia ya mafundi majahazi. Mtu ambaye mikono yake inajua mti: upi wa mkuku, upi wa mataruma, upi wa ubao wa pembeni. Mwaka 2016 hivi Ben Morison, mtu wa biashara ya utalii aliyechoshwa na plastiki ufukweni, akamjia na wazo ambalo fundi yeyote mwenye heshima zake angelikataa: tujenge jahazi zima la plastiki iliyookotwa. Si boya. Si maonyesho ya shule. Jahazi la kwenda baharini.

Fikiria kumwambia ayeyo asuke haan kwa kamba za nailoni. Mti una nyuzi, unajua utapasukia wapi, unajua unavyovimba ukilowa. Plastiki haina nyuzi. Inapinda kwa joto, inasinyaa ikipoa, msumari unaishika tofauti. Hakukuwa na babu wa kumuuliza kwa sababu hakuna babu aliyewahi kuifanya. Skanda na mafundi wenzake ilibidi waanze kama wanagenzi tena: plastiki ikayeyushwa, ikamiminwa kuwa mkuku, mataruma na mbao, halafu wao wakaichonga na kuiunga kwa zana na ujuzi wa jahazi la kawaida. Nje wakalivika vipande vya patapata 30,000. Zaidi ya tani 10 za plastiki ziliingia kwenye chombo cha urefu wa mita 9 hivi. Kikaitwa Flipflopi. Kikateremshwa majini Lamu mnamo Septemba 2018.

Januari 2019 likatweka tanga. Lamu mpaka Zanzibar, kilomita kama 500, likisimama njiani kwenye miji na vijiji, watoto wa shule wanapanda, wazee wanagusa ubavu kuhakikisha kweli ni plastiki. Mwaka 2021 wakaingia Ziwa Victoria, wakazunguka Kenya, Uganda na Tanzania. Na Lamu kwenyewe mradi ukaanzisha mahali pa kukusanya na kuchakata plastiki ya visiwa, na vijana wanafunzwa ufundi wa majahazi wa asili pamoja na hii ya plastiki.

Najua mtakachosema. Tani 10 ni nini? Bahari inameza mamilioni ya tani kwa mwaka. Ni onyesho, picha ya Instagram yenye tanga. Nilisema hivyo hivyo mara ya kwanza. Nilibadilisha mawazo nilipoelewa kwamba jahazi lilikuwa linajibu swali ambalo watu wa mjini hawana: plastiki ya kijijini inakwenda wapi?

Mjini jibu ni rahisi. Chupa inaokotwa, inapimwa kwa kilo, inauzwa kwa mnunuzi, mnunuzi ana kiwanda kilomita chache. Kijijini hesabu inakufa barabarani. Chupa ni hewa. Lori zima la chupa zisizobanwa halina uzito wa maana, na mafuta ya lori ni yale yale. Kutoka Hulugho mpaka Garissa mjini, na kutoka Garissa mpaka kiwandani, utatumia pesa nyingi kuliko utakazopata. Ndiyo maana kwetu zinachomwa. Kila jioni nyuma ya maduka kuna moto mdogo wenye moshi mweusi, na watoto wanaotoka madrasa wanapita katikati yake. Huo ndio mfumo wetu wa takataka. Umebuniwa na hesabu ya dizeli.

Kiunga na Lamu walitoka kwenye mtego huo kwa njia mbili tofauti. Wamama wa Kiunga walifanya takataka iwe ndogo na ghali, ili safari ilipike. Skanda alifanya takataka iwe kitu kinachotumika pale pale, ili safari isihitajike kabisa. Hakuna aliyesubiri lori. Huo, kwa maoni yangu, ndio urithi wake hasa, na ndio unaotufaa sisi wa bara kuliko jahazi lenyewe. Sisi hatuna bahari. Lakini tunahitaji nguzo za boma ambazo mchwa hawali. Tunahitaji mabirika ya kunyweshea mifugo. Tunakata miti kwa ajili ya hivyo, na ile miti ndiyo hiyo hiyo ng'ombe anategemea majani yake kiangazi. Mbao za plastiki zinaweza kuwa jahazi la kwenda Zanzibar, zitashindwa kuwa boma la mbuzi?

Serikali nayo ina karatasi zake. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ilipitishwa 2022, inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kutenganisha na kuokoa taka. Mwaka 2024 zikaja kanuni zinazowataka wanaotengeneza na kuingiza bidhaa wabebe gharama ya vifungashio vyao baada ya kutumika. Nazisoma kwa furaha kweli. Halafu najiuliza "kaunti" kwenye hizo karatasi inaishia wapi. Kwa uzoefu wangu inaishia pale lami inapoishia.

Likizo iliyopita nilimwonyesha ayeyo video ya jahazi. Aliangalia kimya mpaka mwisho, simu ameishika mbali na macho kama anasoma dawa. Nikamwambia, ayeyo, hii yote ni patapata na chupa. Akaniuliza: "Linabeba mbuzi?" Nikasema sijui, labda. "Na likichoka wanalitupa wapi?"

Nilitafuta jibu. Kwamba linaweza kuyeyushwa tena, kwamba plastiki ikiwa moja ina faida kuliko ikiwa vipande milioni. Hakuridhika. Alisema haan ikichoka inapika chai.

Abti alikuwa amekaa pale anasikiliza. Yeye ana lori, lile linaloleta unga, soda na maji ya chupa kutoka Garissa. Nikamuuliza kitu ambacho sijui kwa nini sikuwahi kuuliza: ukirudi Garissa unabeba nini? Akasema siku ya kuelekea soko la Jumatano anabeba mifugo. Siku nyingine anarudi mtupu.

Mtupu. Kilomita zote zile. Lori lilelile lililoleta chupa zikiwa zimejaa linarudi bila kitu, na sisi tunasema hakuna usafiri.

Tulibishana nusu saa. Alisema chupa zitamjazia nzi. Nikasema zitaoshwa na kukanyagwa ziwe bapa, kama mikebe ya Hagadera. Akasema nani ataosha, maji yenyewe tunanunua. Hapo alinishinda, sikuwa nimefikiria maji. Tukakubaliana zikanyagwe tu, zifungwe kwenye magunia, vifuniko kando. Gunia kumi za kwanza atabeba bure, za kumi na moja tutaongea. Binamu zangu wawili wameshaanza kukusanya. Mpaka jana walikuwa na gunia sita na picha moja mbaya waliyonitumia, imefifia, kidole kiko kwenye lenzi.

"Lakini pampasi," abti alisema akiinuka, "pampasi sibebi, walahi."